Maji ya kisima, maharage yasiyoiva na hita ya bafuni inayokufa kila mara

Watu wa Tukuyu hii makala mnaweza kuiruka tu, endeleeni na ndizi zenu. Huko mvua inapita milimita 2000 kwa mwaka, inashuka kwenye mawe ya volkano na udongo mweusi wa Mlima Rungwe, alafu inafika bombani haijabeba kitu cha maana njiani. Mi nimekulia huko, kwa hiyo mpaka nimekuwa mtu mzima sikuwa najua kwamba maji yanaweza kugoma kutoa povu. Sabuni ya mche unaipitisha mara moja kwenye mkono na ndoo nzima inajaa mapovu, mama anakugombeza unamaliza sabuni.

Sasa hivi nakaa Mbeya, upande wa Mbalizi kuelekea Songwe, nyumba ina kisima kirefu, pampu, tenki juu ya mnara, kila kitu vizuri kabisa, na ukiyaweka maji kwenye glasi yanang'aa kuliko hata ya dukani. Ila ndo maji magumu yenyewe, yaani yamebeba madini ya mwamba ndani. Unaoga unasuuza mwili na bado unajisikia una kautando, shati jeupe la mtoto wa shule linaanza kuwa na rangi ya kijivu kabla muhula haujaisha, chai ya rangi ina ngozi juu kama haijakorogwa wiki nzima, na koki ya sinki imeota ndevu nyeupe. Watu wengi hapa wanaishi hivyo hivyo wakilaumu sabuni imechakachuliwa, hita ni feki, maharage ni ya zamani. Hapana jamani, mara nyingi ni maji, na nachotaka kusema leo ni kwamba huhitaji kuyatibu maji yote ya nyumba kwa mashine ya mamilioni, unahitaji tu kuyagawa kwa kazi.

Kwanza yanatoka wapi hayo makitu meupe. Mvua ikipita hewani na hasa ikipita kwenye udongo inabeba hewa ukaa kidogo, inakuwa na uchachu mdogo sana ambao ulimi hausikii, lakini mwamba wa chokaa unausikia. Maji yakikaa kwenye huo mwamba yanauyeyusha polepole, madini yake, kalisi na magnesi, yanaingia ndani na hayaonekani kabisa kwa macho. Ukija ukayachemsha, ile hewa ukaa inatoka na mvuke, na kalisi haina tena kitu cha kuishikilia ndani ya maji, inarudi kuwa jiwe. Jiwe kweli kweli, sio mfano.

Na sisi huku tumekalia mwamba wa aina hiyo. Kiwanda cha saruji hakikujengwa Songwe kwa bahati mbaya, kimefuata mawe ya chokaa. Kuna watu wanachoma chokaa hapo miaka na miaka, kuna mapango ya popo, na kuna zile chemchemi za maji moto ambazo zinatoka chini zikiwa zimejaa gesi na chokaa, zikifika juu gesi inatoroka na mawe yanajijenga pale pale pembeni ya maji, ndo hiyo travatini wanayoikata na kuing'arisha kuwa marumaru. Alafu kuna kilima cha Panda karibu na uwanja wa ndege, ambacho wanajiolojia wanakipenda kwa sababu ni mwamba uliotoka kwenye volkano ya kale ukiwa wenyewe ni kabonati, jamii ile ile ya chokaa, na una madini ya niobi ndani yake. Hewa ukaa nayo sio ngeni mkoani kwetu, huko Rungwe inatoka ardhini kwa wingi mpaka inavunwa kwa ajili ya viwanda vya soda. Kwa hiyo ukimwaga jagi lako la umeme na kuona vile vipande vyeupe vinaelea, hicho ni kitu kile kile kinachojenga mawe kule kwenye maji moto, kimekufuata mpaka jikoni.

Sio Mbeya yote iko hivi, nisieleweke vibaya. Maji ya mjini sehemu kubwa ni ya vijito na chemchemi za milimani, hayajakaa kwenye chokaa, mtu wa huko anaweza asielewe hata naongelea nini. Unaweza kukuta nyumba ya bomba na nyumba ya kisima zinatazamana na wake wa hizo nyumba mbili wananunua sabuni tofauti kabisa kwa mwezi.

Kujua maji yako yakoje ni rahisi na ni bure. Chukua chupa mbili za maji za nusu lita, moja weka maji ya mvua (au hata ya chupa ya dukani), nyingine ya kisima chako, zijae nusu tu. Kwangua sabuni ya mche kwa kisu, kiasi kile kile kila chupa, ufunike, utikise kwa nguvu. Ya mvua inajaa povu zito mpaka shingoni na linakaa. Ya kisima inafanya kama maziwa yaliyokatika, vijivipande vinaelea juu, povu hamna au linatokea na kuzama hapo hapo. Usitumie sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa hili jaribio, hiyo ni ya aina nyingine, inatoa povu hata kwenye maji mabaya na itakudanganya. Ukitaka namba kamili peleka sampuli maabara, Wizara ya Maji ina maabara ya ubora wa maji Mbeya, na kwenye majibu tafuta mstari wa ugumu wa maji. Chini ya miligramu 60 kwa lita ni laini, 60 mpaka 120 ni ya wastani, 120 mpaka 180 ni magumu, ikipita 180 ni magumu sana na utakuwa ulishajua kabla ya kulipia kipimo.

Vile vipande vinavyoelea kwenye chupa ni sabuni yako iliyokufa. Sabuni ya mche imetengenezwa kwa mafuta, ikikutana na kalisi inaungana nayo na kuwa kitu kisichoyeyuka, kwa hiyo sabuni ya mwanzo yote inatumika kupambana na kalisi, ikibaki ndo inaanza kufua. Na ile iliyokufa haiondoki, inajificha kwenye nyuzi za nguo, ndo maana taulo linakauka gumu linasimama lenyewe na nyeupe inapauka. Sabuni ya unga inajitahidi zaidi kwa sababu wameshaweka ndani yake vitu vya kukamata kalisi. Lakini ujanja wa zamani ni magadi, kidogo tu kwenye beseni, unakoroga, unaacha dakika kadhaa maji yanakuwa kama na ukungu, ukungu ukitulia chini unachota ya juu unafulia. Usifulie sweta za sufu kwa magadi. Na nguo nyeupe, suuza ya mwisho iwe maji ya mvua hata kama ufuaji wenyewe umetumia kisima, utaona tofauti. Dada anayenisuka hapa Mbalizi ana dumu lake la maji ya mvua kwenye kona ya saluni, ameliandika kwa maka pen USIGUSE, anasema shampuu ikisuuzwa na maji ya kisima nywele zinakuwa kama katani na mteja anarudi kulalamika.

Sasa maharage. Hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ndo jambo linalovunja ndoa huku.

Mbeya ni nchi ya maharage, kituo cha utafiti cha Uyole kimetoa mbegu mpaka zina jina la Uyole, huwezi kumwambia mtu wa huku hajui kupika maharage. Lakini kuna mambo mawili yanatupiga kwa pamoja. La kwanza ni mwinuko. Mbeya mjini ipo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko juu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, huku kwetu Mbalizi tumeshuka kidogo lakini bado tupo karibu 95. Yaani hata moto uwake vipi, maji yenyewe hayapandi zaidi ya hapo, sufuria inatokota kwa mbwembwe na ndani joto ni dogo kuliko la Dar. La pili ni hiyo kalisi. Kinachoshikilia chembe za harage zisiachane ni kitu kinaitwa pektini, na maharage yanalainika pale hiyo pektini inapoyeyuka. Kalisi ikiingia inaifunga, inaikaza, harage linabaki na ganda gumu na katikati linatafunika kama karanga mbichi. Unaongeza maji (ya kisima tena!), unaongeza kalisi, unaongeza mkaa, saa zinaenda.

Jirani yangu ni mama wa Kisafwa, mtu mzima, nilipohamia nilienda kumsalimia na harufu ya maharage yake ilikuwa imeshajaa uwanja mzima, saa nne asubuhi. Nikamwambia shikamoo mama, akasema marahaba mwanangu, karibu, nikamuuliza yeye anayaivishaje. Akacheka. "Mwanangu, kwani wewe unapikia hayo ya bomba lako? Hayo ni ya kuogea. Ya maharage yapo kwenye pipa." Pipa lenyewe lipo chini ya paa, lina kipande cha chandarua juu. Hakuna mtu aliyemfundisha habari za pektini, ila anachokifanya ndo hicho hicho ambacho kitabu kingemwambia. Anayaloweka usiku kwa maji ya mvua, asubuhi anamwaga, anapika kwa maji ya mvua, nyanya na limao haziguswi mpaka harage liive kwa sababu uchachu nao unakaza. Akikosa maji ya mvua ndo anaweka magadi, tena anabana kwa vidole viwili tu.

Hapo kwenye vidole viwili muwe makini. Magadi yanafanya kazi kweli, yanaitupa kalisi chini na yanalegeza pektini, lakini ukizidisha maharage yanakuwa na ladha ya sabuni, yanapondeka, vitamini B1 inakufa, na magadi ya asili mengi yana floraidi ambayo hatuitaki kwenye meno ya watoto. Afadhali uyaweke kwenye maji ya kulowekea alafu uyamwage. Na kwa haki, sio kila harage gumu ni kosa la maji. Maharage yaliyokaa ghalani kwenye joto msimu mzima yanagoma hata ukiyapikia maji ya Tukuyu. Ukiwa na wasiwasi gawanya kiganja kwenye sufuria mbili ndogo, moja kisima moja mvua, moto sawa, utajua wa kumlaumu ni muuza duka au ni kisima.

Chai sio ndefu. Ile ngozi juu ya chai ya rangi inatengenezwa na majani ya chai yakikutana na kalisi na hewa, kipande cha limao kinaiondoa, na maji ya mvua hayaitengenezi kabisa. Tunalima chai nzuri Rungwe na Mufindi alafu tunainywa ikiwa na rangi ya matope, inauma. Kama huna maji ya mvua, chemsha maji jioni, yaache yapoe kabisa usiku bila kuyatikisa, asubuhi mimina ya juu taratibu kwenye kitambaa na uache yale ya chini. Sehemu ya ugumu itakuwa imebaki kwenye sufuria. Hii inafanya kazi kwa ule ugumu unaotokana na chokaa, ila kama maji yako yana kalisi iliyokuja na salfeti au kloridi, kuchemsha hakuligusi hilo.

Haya, tuje kwenye hita, maana huku Juni na Julai kuoga maji ya baridi ni adhabu. Fundi wa umeme wa mtaani kwetu alifungua hita yangu ya shawa mbele yangu, akainamisha ile kofia ya plastiki na vikamwagika vipande vyembamba vyeupe, vimejikunja kama maganda ya mayai, na kwa kweli ganda la yai nalo ni kalisi kabonati hiyo hiyo. Koili yenyewe ilikuwa imevaa koti nene. Nikamwambia fundi, si juzi tu umeniwekea mpya? Akasema "Bosi, mi nakuuzia koili, sikuuzii maji." Joto linapita kwa shida kwenye ule ukoko, kwa hiyo koili inaungua kwa ndani ikijaribu kupasha maji yaliyopo nje ya koti, na LUKU inakimbia bure. Nilimpenda sana yule fundi kwa hilo jibu ila hela alichukua.

Dawa yake ipo jikoni. Kitu chochote chenye uchachu kinalirudisha lile jiwe kwenye maji, na unaliona kwa macho: kamulia ndimu kwenye jagi la umeme lenye ukoko, maji kidogo ya vuguvugu, alafu weka sikio. Linachemka bila moto, shhh, vijipovu vinapanda kutoka chini, hiyo ni hewa ukaa iliyofungwa kwenye jiwe inaachiwa tena. Ukitumia unga wa ndimu ni bora zaidi na ni nafuu, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji ya moto, unaacha nusu saa, unamwaga, unasuuza vizuri. Siki nayo sawa ila nyumba inanuka kachumbari. Kile kichwa cha shawa kifungue ukilaze kwenye bakuli la siki usiku, asubuhi toboa matundu kwa pini. Kama hakifunguki ulikuwa unaweza kukivalisha mfuko wa plastiki wenye siki, lakini hiyo mifuko ilipigwa marufuku Juni 2019, kata chupa ya maji uifunge na raba, inakaa vizuri tu. Hita ya umeme usiifungue kabla hujazima swichi kuu, sio ile ya bafuni, ile kuu. Na wenye tenki la maji moto lenye kipimo cha joto, shusha mpaka nyuzi 60 usiende juu zaidi, ukoko unajengeka kwa kasi maji yakipita hapo.

Vitu vya kutofanya. Usichanganye siki au ndimu na jiki, inatoa gesi ya klorini, bafu zetu ni ndogo hazina hewa, utaanguka humo. Usiache siki usiku mzima kwenye sufuria ya alumini, inakula sufuria. Usimwagie uchachu wowote kwenye sakafu ya marumaru, kwa sababu ukishaelewa marumaru ya Songwe ni nini utaelewa kwanini inapata mabaka. Na hii tabia ya kumwaga maji ya betri kwenye tailizi za choo, acheni. Ni asidi ya salfuri, inachoma macho na vidole, na hata kazi yenyewe haiifanyi vizuri, ikigusa kalisi inatengeneza jasi ambayo nayo haiyeyuki vizuri, kwa hiyo umejiunguza ili ubadilishe ukoko mmoja kwa mwingine.

Mtu akishachoka ndo anapatikana na wauzaji. Nimeshatembelewa na kijana mwenye kasumaku ka kufunga kwenye bomba, eti maji yakipita yanalainika. Kalisi haitoki popote kwa kupita karibu na sumaku, ukipima kabla na baada utakuta ile ile, na mimi nisingetoa hela yangu. Filta ya mshumaa wa udongo ni nzuri kwa uchafu na vijidudu ila kalisi imeyeyuka, inapita tu. Shabu inatuliza tope, ugumu hauguswi. Vidonge vya klorini vinaua vijidudu, ugumu hauguswi. Mashine inayofanya kazi kweli ni ile yenye punje za rezini (aina ya plastiki maalumu) ndani, zinakamata kalisi na kuachia sodiamu mahali pake, alafu zikishiba unazisuuza kwa maji ya chumvi ya kawaida zinaanza upya. Hiyo ni kweli na ni sayansi ya siku nyingi. Kwa hoteli au dobi nawaelewa. Kwa nyumba yangu naona ni hela nyingi, gunia za chumvi, na kumbuka kila miligramu 100 za ugumu zikiondolewa unaongeza kama miligramu 46 za sodiamu kwenye lita, mwenye presha nyumbani itabidi umwekee koki yake ya kunywa isiyopita kwenye mashine. Kitu kingine cha kuchekesha, mwaka 1841 mkemia mmoja wa Aberdeen, Thomas Clark, alipata hati miliki ya njia ya kulainisha maji kwa kutia chokaa ndani yake! Chokaa iliyozimwa inakula ile hewa ukaa na kuifanya kalisi iliyotokana na chokaa idondoke, sehemu kubwa yake. Mitambo mikubwa ya maji duniani bado inaitumia. Kwa hiyo kitu kinachochomwa pale Songwe kingeweza kurekebisha maji ya Songwe, ila msijaribu kwenye ndoo ya nyumbani, kipimo kikizidi maji yanachoma koo.

Kuhusu kunywa, tulieni. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo chochote cha kiafya kwa ugumu wa maji, kalisi na magnesi mwili unazihitaji hata hivyo. Habari za mawe kwenye figo zinasemwa sana vijiweni, wanaona mawe kwenye jagi wanasema na figo iko hivyo hivyo. Daktari ukimuuliza atakwambia kubwa zaidi ni kunywa maji ya kutosha, na mtu anayeogopa maji ya kisima akashinda na soda hajajisaidia. Meno ya kahawia nayo ni floraidi, ni kitu kingine, sio huu ukoko. Ila endelea kuchemsha maji ya kunywa hata kama yanakuletea vipande, kipindupindu hakijali maji ni magumu au laini.

Sasa turudi kwenye kugawa. Orodha ya kazi zinazohitaji maji laini ni fupi ukiifikiria: chai, maharage na makande, suuza ya mwisho ya nguo nyeupe, nywele, pasi ya mvuke, rejeta ya gari. Kuoga, kuosha vyombo kwa sabuni ya maji, kudeki, choo, bustani, kunyweshea ng'ombe, hayo yote kisima kinatosha. Chai na maharage vya familia ya kawaida ni kama lita 10 kwa siku. Kiangazi chetu cha ukweli ni Mei mpaka Oktoba, tuseme siku 180, hiyo ni lita 1,800. Tenki la lita 2,000 likijaa kabla mvua hazijakata linakufikisha. Na kujaa sio tatizo, paa la mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 10 tu, ambayo huku Januari inaweza kunyesha ukiwa unakunywa chai, limepokea lita 800. Gharama ni tenki, gata upande mmoja, na bomba. Linganisha na mashine, au na hita.

Masharti yake ni machache. Mvua za kwanza za Novemba ziache zipite, zinaosha vumbi na kinyesi cha ndege miezi yote. Chandarua kwenye mdomo wa bomba, mfuniko usioruhusu mwanga. Yakinywewa yachemshwe. Na lazima umtangazie kila mtu nyumbani, hasa vijana, kwamba hiyo koki sio ya kuoshea pikipiki. Kwangu nimeifunga kufuli, mke wangu anasema nimekuwa kama mlinzi wa benki, sawa tu.

Wakulima wa Mbozi na huku Songwe, hii ni yenu na wachache wanaambiwa dukani. Dawa ya magugu ya glifosati ukiichanganya na maji magumu, kalisi inaikamata kwenye pampu ya mgongoni kabla haijafika kwenye jani, magugu yananyauka kidogo yanaamka tena, unasema dawa feki. Tumia maji ya mvua. Ukikosa, weka kwanza mbolea ya SA (salfeti ya amonia) kwenye maji, kilo 1 mpaka 2 kwa lita 100, ikoroge iyeyuke yote ndo uweke dawa. Mfuate mpangilio huo, SA kwanza.

Na mnaotafuta nyumba za kupanga upande huu, kabla hujatoa kodi ya miezi sita usiishie kuangalia tailizi na geti. Nyanyua mfuniko wa tenki la choo uangalie mstari wa maji ukoje, angalia kichwa cha shawa matundu mangapi yanatoa maji pembeni, uliza maji ni ya bomba au ni kisima. Dalali atakwambia maji ni masafi kabisa, na hadanganyi. Mwombe mama wa nyumba ya jirani akuonyeshe pipa lake limewekwa wapi, alafu rudi kwa mwenye nyumba mwambie kodi unalipa ila gata na tenki la mvua aweke yeye, au akate kwenye kodi uweke mwenyewe. Wengi wanakubali, maana hita zao ndo zinazoungua.